Mdogo wangu amejifungua, halali, na ameniuliza nani atamlea mtoto

Swali: Shikamoo mama. Naandika kutoka Mwandiga, Kigoma. Mdogo wangu ana miaka 19. Alikuwa kidato cha tatu alipopata mimba, akaacha shule. Mtoto ni wa kiume, ana wiki 12, mzima kabisa. Tatizo ni mama yake. Halali hata mtoto akilala, chakula anakigusa tu, anasema kichwa kinawaka moto na moyo unakwenda mbio. Kijana aliyempa mimba ni mvuvi, aliaga anakwenda kambini huko Kalya na simu yake haipatikani tena. Mama yetu anaamini ni jini, na ameshaongea na mganga wa Ujiji. Majirani wanasema ni uvivu na kudeka. Juzi usiku mdogo wangu akaniuliza, "Dada, mimi nisipokuwepo, mtoto utamlea wewe?" Nikamwambia aache maneno mabaya. Je, huu ni ugonjwa? Naogopa kumuuliza kama anataka kujiua, nisije nikampa wazo. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mzigo huo. Nitaanza na la mwisho katika barua yako kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Mdogo wako alipokuuliza nani atamlea mtoto, alikuwa anakupa siri. Katika kazi yangu ya uuguzi wa afya ya akili nimeisikia sentensi hiyo kwa sura nyingi: "mtoto apelekwe kwa bibi yake," "nguo zangu mgawane," "nimechoka, bora nipumzike moja kwa moja." Mara nyingi anayesema hivyo anampima msikilizaji, aone kama ataweza kulibeba neno lenyewe. Wewe uliogopa ukamnyamazisha, na sikulaumu hata kidogo, maana ndugu yeyote angetetemeka. Lakini leo, kabla hamjalala, rudi kwake.

Subiri mtoto anyonye, alale. Kaeni mahali ambapo mama yenu hasikii. Mwambie hivi: "Juzi uliniuliza nani atamlea mtoto. Nilishtuka, ndiyo maana nikakukatisha. Sasa nipo, na sitakugombeza. Umekuwa ukifikiria kujiua?" Tumia neno lenyewe, usilizungushe. Wengi huuliza kwa kinyume, "Lakini wewe huwezi kufanya ujinga, sivyo?" Swali la namna hiyo limeshajijibu. Mgonjwa atasema hawezi, ili akuridhishe, na mazungumzo yamekwisha. Ukishauliza, nyamaza. Atakaa kimya, pengine kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Mwache. Mshike mkono ukitaka, lakini usimjazie maneno.

Kuhusu hofu yako ya kumpa wazo: jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali, na haikuonekana kwamba kuuliza kunaongeza hatari. Aliye na wazo hilo analo tayari, na ukimuuliza anapata pa kulitua. Asiye nalo atakwambia hapana, na atajua kwamba kwako hakuna neno lisilosemeka.

Akikubali, muulize kama ameshafikiria namna ya kufanya, na kama kuna kitu amekiweka tayari. Jibu likiwa ndiyo, usingoje kesho. Mpelekeni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, usiku huohuo, watu wawili pamoja naye, na tangu dakika hiyo asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Hata akisema kabisa kwamba hana wazo hilo, wewe zunguka nyumba. Dawa za shamba, sumu ya panya, vidonge vilivyobaki kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, vyote vitoke humo ndani vikakae kwa mtu mwingine. Wazo la kujiua hupanda na kushuka kama wimbi la ziwa. Ninyi wa huko mnajua mvuvi anayeona Tanganyika imechafuka anavyofanya: anavuta mtumbwi nchi kavu na kungoja. Saa zile mbaya zikipita bila kitu cha hatari mkononi, watu wengi wanaishi, na walio wengi kati yao hawafi kwa kujiua baadaye.

Kuna familia zinazoficha kwa kuogopa polisi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kufikiria kufa si kosa, na kumwambia nesi unayofikiria si kosa. Semeni tu.

Sasa, je, huu ni ugonjwa? Siwezi kumpima mtu kwa barua, na sitajifanya naweza. Ila uliyoyaeleza yanafanana sana na sonona ya baada ya kujifungua, yaani huzuni nzito isiyopita, na sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 waliojifungua duniani, wapatao 13 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea, kama yetu, wanakaribia 20. Fikiria benchi la kliniki lenye akina mama ishirini wanaosubiri kupima watoto uzito. Wanne wao huenda wamebeba kile anachokibeba mdogo wako, na wote wanatabasamu jirani akiwasalimia.

Lazima tutofautishe, maana machozi ya mzazi si yote sonona. Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua wanawake wengi sana hulia bila sababu, wakacheka, wakalia tena. Hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili, na dawa yake ni kupumzika na kupendwa. Sonona haipiti. Inakaa wiki mbili na kuendelea, kila siku, karibu kutwa nzima: furaha inakauka, usingizi unakimbia hata nafasi ya kulala ikiwepo, chakula kinakuwa kama majani mdomoni, na mawazo yanamrudisha mtu palepale kwamba yeye ni mama mbaya na mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye. Mdogo wako yuko wiki ya 12.

Hilo la kutolala hata mtoto akilala limenishtua zaidi kuliko mengine. Mama yeyote mwenye mtoto mchanga amechoka. Mchovu wa kawaida ukimpa mkeka na saa moja ya utulivu anazama. Mwenye sonona anajilaza macho juu ya bati, anahesabu makosa yake mpaka mtoto anaamka.

Lipo tatizo la tatu, la nadra, ambalo lazima ulijue kwa sababu halivumilii hata nusu siku. Linampata mama mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na wengi huliita kichaa cha uzazi. Huyo anasikia sauti, au anasema mtoto amebadilishwa, au ni shetani, au ametumwa. Anaweza kukesha siku kadhaa akiwa na nguvu za ajabu, anaongea bila kituo. Ukiona dalili hizo kwa mdogo wako, hata kama wiki mbili zimepita siku nyingi, mtoto abebwe na mtu mwingine na safari ya hospitali ianze papo hapo. Huyo naye anatibika, na wengi hupona vizuri kabisa.

Kichwa kuwaka moto na moyo kwenda mbio ndiyo lugha ambayo sonona inaongea kwetu. Ni wachache wanaokuja kusema "nina huzuni". Wanasema mwili hauna nguvu, wadudu wanatembea kichwani, kifua kimebanwa, mgongo. Ndiyo maana wengi wanapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani, mara ya pili, mara ya tatu. Nakusimulia jambo lililonibadilisha mimi mwenyewe. Siku moja nilikaa karibu na mizani kwenye kliniki ya watoto, ile mizani ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa kaptura ya kitambaa kisha anatundikwa. Akaja binti mmoja, mtoto amenona, amepakwa mafuta anang'aa. Mshale wa mizani ukasogea mbele, nesi akaweka nukta kwenye kadi akasema, "Hongera mama." Binti hakuinua uso. Nikamtazama. Kanga ameifunga ndani nje. Malapa mawili, kila moja na rangi yake. Mtoto ameogeshwa, mama hajaoga. Nikamuuliza, "Na wewe, umelala lini?" Akafungua mdomo, akaufunga, machozi yakamdondokea mtoto kichwani. Chanjo ya wiki ya 6 alikuja, ya wiki ya 10 alikuja, na ile ilikuwa ya wiki ya 14. Mara zote tatu tulimpima mtoto. Mama hakuna aliyemuuliza neno, nami nilikuwepo mara zote tatu.

Nataka nikae kidogo kwenye arobaini, kwa sababu naamini ndipo palipo na ufunguo wa nyumba yenu. Kwetu mzazi anatakiwa akae ndani siku arobaini. Anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji na supu ya migebuka, ndoo ya maji hagusi, shangazi anamwogesha mtoto, nyanya anamfukuza kila anayekuja na mdomo mrefu. Wazee wetu hawakuwa na neno la sonona ya uzazi, ila walijua kwamba mwanamke aliyetoka kujifungua hawezi kuachiwa dunia mara moja. Binti aliyeolewa, mwenye heri ya ukoo, anaipata arobaini nzima. Binti aliyepata mimba shuleni naye anakaa ndani, lakini amefichwa. Uji anapewa pamoja na maneno. Kila anayemshika mtoto anauliza baba yuko wapi. Na siku ya 41 ndoo inamsubiri mlangoni, kwa sababu "si ulitaka mwenyewe".

Jiulize mdogo wako alipata arobaini ipi. Sikuulizi ili nikulaumu wewe au mama yako, nyumba ilikuwa na aibu yake na maumivu yake. Nakuuliza kwa sababu arobaini iliyokosekana inaweza kutolewa hata sasa, wiki ya 12. Mtu akamwogeshea mtoto, akampikia mama mtu chakula chake peke yake na kukaa naye mpaka amalize, akamfulia nepi bila kusema lolote. Nimeona mabinti wakianza kuinua uso kwa hilo tu, hata kabla dawa haijafanya kazi.

Kinachosababisha sonona hii hakiko kimoja. Siku chache baada ya kujifungua homoni za mimba, estrojeni na projesteroni, huporomoka kwa kasi, na wapo wanawake ambao ubongo wao unaumia kwa mporomoko huo kuliko wengine. Juu yake weka kukosa usingizi, umri mdogo, mimba isiyopangwa, kuachwa, umaskini, shule iliyokatika. Mdogo wako anavyo vyote. Kwa hiyo jirani anayesema ni uvivu, mwambie kwa upole kwamba mtu mvivu analala. Pia yapo magonjwa ya mwili yanayojifanya sonona au kuizidisha, hasa upungufu wa damu na tezi ya shingo kufanya kazi vibaya. Aliyetoka kujifungua anaweza kuwa amepoteza damu nyingi, naye yuko mkoa wenye malaria, kwa hiyo hospitalini ombeni apimwe damu. Usiruhusu aandikiwe tu vidonge vya kulala akaondoka.

Kuna swali jingine la kumuuliza, siku nyingine, si leo. Kama mimba hiyo ilipatikana kwa hiari yake. Na kama kuna mtu alimdhuru, au anamdhuru bado. Wanawake wa Kigoma walipaza sauti miaka michache iliyopita kuhusu wanaume waliokuwa wakivunja nyumba za wanawake usiku na kuwabaka, wale walioitwa teleza, na wapo waliokaa kimya muda mrefu kwa kuogopa kuchekwa. Binti asiyelala huenda anaogopa giza kwa sababu anayoijua yeye tu. Akikwambia jambo la namna hiyo, mwamini kwanza. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa walio chini ya miaka 18 ipo namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Lakini mwendo uwe wake. Asiburuzwe kwenda kutoa maelezo akiwa bado hana nguvu ya kusimama, isipokuwa kama hatari ingalipo.

Sasa mama yenu na mganga. Nakuomba usigombane na mama. Anayetafuta mganga anatafuta msaada, na hofu yake ni ya upendo. Ukimwambia imani yake ni ya kijinga, atampeleka binti Ujiji wewe ukiwa sokoni. Mkumbushe degedege. Anaikumbuka vizuri kuliko wewe. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, na wazee walisema ni ndege wa usiku amempitia, ni shetani, hospitali asipelekwe maana sindano itamuua. Watoto wangapi walikufa hivyo? Leo mama huyohuyo akiona mjukuu anakakamaa kwa homa, anakimbia naye zahanati, kwa sababu ameona kwa macho kwamba ni malaria na inatibika. Mwambie, "Mama, na hili ni vilevile. Dua tusali, kama ni padri au shehe aje, lakini hospitali tuanze kesho." Dua haina ugomvi na dawa. Viongozi wengi wa dini wanatusaidia sana siku hizi, wanawatuma watu kwetu.

Mahali ambapo lazima usimame imara ni pachache. Asifungwe. Asipigwe kwa kisingizio cha kutoa pepo. Asifukizwe na mtoto ndani ya blanketi moja, mapafu ya mtoto wa miezi mitatu hayawezi moshi huo. Asifungishwe chakula, ananyonyesha. Na asiambiwe aache dawa alizoandikiwa. Mengine mvumilie mama.

Kwenda wapi? Zahanati mnayompeleka mtoto ndiyo mlango ulio karibu, na hakuna atakayeshangaa kumwona hapo na mtoto. Lakini kwa neno alilokwambia juzi, mimi ningekwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, na kuulizia huduma ya afya ya akili. Usione haya kulitaja neno "akili" dirishani. Wengi wanaokaa kwenye foleni hiyo ni watu kama yeye: wanafunzi, wafanyabiashara, wazazi, mabodaboda. Gharama ikiwashinda, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini, ina utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo.

Huko ataulizwa maswali. Kuna karatasi moja ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hafai, na la mwisho ni kuhusu kutamani kufa. Ipo nyingine ya maswali 10 iliyotengenezwa kwa ajili ya wazazi, inatumika tangu 1987. Ajibu kweli. Akiona aibu kusema, wewe unaweza kumsemea, ila akiwa amekuruhusu.

Tiba ni maneno, au dawa, au vyote viwili. Watu wanaidharau tiba ya maneno, wanasema "nimepanda daladala nije kuongea tu?" Sikia haya. Mwaka 2008 daktari Atif Rahman na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya vijijini Pakistan. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kawaida, wahudumu wa afya wa vijijini kama wale tulionao sisi ngazi ya jamii, wakawatembelea wajawazito na wazazi wenye sonona nyumbani kwao, wakawafundisha namna ya kulikamata wazo baya, kulipima na kuweka jingine mahali pake, na wakaishirikisha familia. Mtoto alipofika miezi 6, kati ya wanawake 100 waliotembelewa hivyo, 23 ndio walikuwa bado na sonona. Kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa 53. Na Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Watu wa huko, Washona, wanauita ugonjwa huo kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Nilipolisikia neno hilo niliwaza jinsi sisi tunavyosema "ana mawazo". Mabibi wale wanamsikiliza mtu, wanamsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi, wanaanza na hilo. Hata wewe unaweza kuanza hivyo na mdogo wako. Kati ya yote yanayomlemea, lipi tulishughulikie wiki hii? Pengine ni sabuni tu. Anzeni na sabuni.

Dawa nazo zipo na zinafanya kazi. Mambo ambayo naona yanawaponza watu ni haya. Haziponyi usiku mmoja, zinachukua wiki mbili hadi nne ndipo mtu aanze kuona nuru, na siku za mwanzo anaweza kuona kichefuchefu au mdomo kukauka akadhani zinamdhuru. Akipata nafuu asiache mwenyewe. Mara nyingi huendelea nazo miezi sita au zaidi baada ya kupona, na kuziacha ni kwa kupunguza taratibu chini ya daktari. Aseme mapema kwamba ananyonyesha, maana zipo anazoweza kutumia bila kumwachisha mtoto, na daktari atachagua. Si dawa za kumfanya mtu awe mtumwa wake. Inayotengeneza utumwa ni valiamu inayonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya usingizi, na hiyo hupita kwenye maziwa na kumlegeza mtoto. Msinunue. Na vidonge vyote vya mdogo wako uvitunze wewe, umpe cha siku kwa siku, mpaka mtoa huduma aseme hatari imepita.

Usingizi ni tiba pia, na huo unaweza kumpa wewe kuanzia leo. Mtoto anyonye saa 3 usiku. Kisha mama akamue maziwa kwenye kikombe safi, akifunike, akalale chumba kingine. Wewe kaa na mtoto mpaka saa 8. Akiamka katikati, mnyweshe kwa kikombe taratibu, mtoto wa umri huo anaweza. Saa tano mfululizo zinafanya kazi ambayo saa nane za vipandevipande hazifanyi. Mkipokezana na mama yenu hutachoka upesi, na mama akishapewa kazi ya kumponya binti yake ataongea kidogo kuhusu mganga. Na wewe mwenyewe tafuta mtu mmoja wa kumweleza, rafiki au mwalimu wako wa zamani. Mlinzi wa mgonjwa naye ana moyo.

Kuhusu yule kijana wa Kalya, kama kuna wa kumfikishia salamu, mfikishieni, lakini kupona kwa mdogo wako kusitegemee mtumbwi urudi. Nimeona mabinti wakisubiri simu kama wanavyosubiri dawa.

Akishaanza kulala na kula, labda mwezi wa pili wa tiba, mtajie shule. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua, na anayeona haya kuvaa sare tena anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Usimwambie sasa kwa namna ya kumhimiza, ataliona ni deni jingine. Ila daftari zake za kidato cha tatu, kama bado zipo, zitoe chini ya kitanda uzifute vumbi, uzipange mahali anapoweza kuziona.

Kesho asubuhi beba kadi yake ya kliniki na ya mtoto, kanga mbili, chupa ya uji na nauli ya watu watatu, maana mama naye mwende naye. Mkifika asikae peke yake kwenye benchi. Akiitwa, omba kwa adabu uingie naye. Akitaka umpishe, kaa karibu na mlango na mtoto. Na usiku wa leo, akikuuliza tena kama mtoto utamlea, mjibu, "Tutamlea mimi na wewe. Kesho tunakwenda wote Maweni."